Daftari la Mahudhurio

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa nimeacha chuo na kodi ya nyumba imenikaba koo, nilipata kibarua cha siku mbili cha kuandika kumbukumbu za mikutano ya kukusanya maoni ya umma. Kaunti sitaitaja, wala kampuni iliyonipa kazi. Mradi wenyewe ulikuwa barabara ya kupita kando ya kinamasi. Nilikuwa na majukumu mawili. La kwanza, kuzungusha karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. La pili, kuandika yaliyosemwa.

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe, karibu na ofisi ya chifu. Watu walifika mapema kwa sababu habari za nauli ya shilingi 300 zilikuwa zimetangulia. Afisa akaeleza mradi kwa Kiswahili kilichojaa Kiingereza, watu wakatulia tuli kama wanaosikiliza hotuba ya rais redioni. Kisha mama mmoja mzee, leso moja kiunoni na nyingine begani, akainuka na kuongea karibu dakika kumi na tano. Alieleza maji ya kinamasi yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Alieleza mwaka yalipofurika, nyumba zipi zilibebwa, nani alizikwa upande gani, na kwa nini daraja la zamani halikudumu. Mwishowe akauliza: mkijaza udongo hapa, haya maji mnataka yaende kwa nani?

Usiku, nikiwa kwenye chumba cha gesti, nilituma rasimu. Maneno ya yule mama yalichukua kurasa mbili. Msimamizi akanipigia simu. "Kijana, hizo ni hadithi. Fupisha."

Nikafupisha. Katika ripoti ya mwisho, dakika kumi na tano zilikuwa sentensi moja: mkazi mmoja aliuliza kuhusu mitaro ya maji na akahakikishiwa kwamba suala hilo litazingatiwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyemhakikishia chochote. Afisa alitikisa kichwa tu, akamwita anayefuata. Hiyo sehemu ya kuhakikishiwa niliiongeza mimi, kwa sababu jedwali lilikuwa na safu ya "jibu lililotolewa" na niliambiwa isibaki tupu.

Nililipwa. Nikajaza gesi, nikapunguza deni la kodi. Lakini tangu siku hiyo, kila nikisikia kwamba "umma ulishirikishwa kikamilifu", huwa najiuliza nani aliyekuwa ameshika kalamu.

Ndiyo maana nikaanza kusoma kumbukumbu za wengine. Na zilizonifundisha zaidi zinatoka Lamu.

*

Kabla ya kufika Lamu, tuulize kwanza: hii karatasi ya mahudhurio ilitoka wapi? Wazazi wetu hawakuwa nayo.

Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Hakuna mkazi wa Nairobi aliyeulizwa. Wangari Maathai, ambaye wakati huo alikuwa ameongoza Green Belt Movement kwa zaidi ya miaka 10, hakuwa na kikao cha kwenda kusimama na kuuliza swali. Alichokuwa nacho ni kalamu. Aliandika barua kwa ofisi za serikali, akaandika kwa mashirika ya kimataifa na kwa wale waliotarajiwa kutoa pesa. Alikejeliwa Bungeni. Mwishowe wafadhili wakasitasita, mradi ukapunguzwa, kisha ukafa. Leo ukilala kwenye nyasi za Uhuru Park ukila njugu, umelalia matokeo ya barua.

Ninachokitazama mimi hapo ni faili. Mwaka 1989 raia aliyetaka kumbukumbu za pingamizi lake ziwepo ilibidi azitengeneze mwenyewe. Serikali haikuwa na wajibu wa kumwandika popote.

Miaka 10 baadaye mambo yakabadilika kwenye karatasi. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya 1999 ilileta NEMA, mamlaka inayotoa leseni za mazingira, na Jopo la Kitaifa la Mazingira, mahali ambapo raia anaweza kwenda kupinga leseni hiyo. Mwaka 2003 zikafuata kanuni za kutathmini athari za miradi kwa mazingira. Mimi si wakili, hata digrii sina, lakini kanuni ya 17 nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma noti zangu za chuo. Inasema kwamba wakati utafiti wa athari unafanywa, mwenye mradi lazima atafute maoni ya watu watakaoguswa. Abandike mabango. Atangaze kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima kwa wiki mbili mfululizo. Atangaze redioni, kwa lugha rasmi na lugha za mahali. Afanye mikutano isiyopungua mitatu. Taarifa itolewe angalau wiki moja kabla, na mahali na saa ziwafae watu. Tena awepo mratibu mwenye ujuzi wa kupokea na kuandika maoni, ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho. Sheria ya Kenya inalijua lile jukumu nililolifanya vibaya chini ya mwembe. Inataka maoni ya mdomo yaandikwe. Yakisemwa kwa lugha nyingine, inataka tafsiri iwekwe.

Kisha Katiba ya 2010 ikapandisha jambo hili juu zaidi. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 69 kinaiagiza serikali kuhimiza umma ushiriki katika kusimamia na kulinda mazingira. Tangu hapo kila mradi mkubwa una faili lake la maoni ya umma, na kila faili lina orodha ya majina. Watu wa mtaa wamelipa jina, "pablik patisipesheni", na ukilisikia linavyotamkwa, utajua kama anayelitamka aliitwa kusikilizwa au kuhesabiwa.

*

Sasa twende Lamu.

Amu, kama wenyewe wanavyouita mji wao, si mahali pageni kwa maandishi. Msikiti wa Riyadha una miswada ya zamani iliyopigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Watu wa huku walikuwa wakiandika mashairi, barua na hesabu za biashara kwa hati za Kiarabu kabla Nairobi haijawa hata kituo cha reli. Msemo wa "mali bila daftari hupotea bila habari" ni wa watu wanaojua thamani ya karatasi.

Hata upangaji wa mji haukuanza juzi. Katika miaka ya 1970 Lamu ilikuwa ikiingia kwenye aina mbili za karatasi kwa wakati mmoja. Upande mmoja, mbunifu wa majengo Usam Ghaidan alikuwa akipima nyumba za mawe, vichochoro na mabaraza, na mwaka 1976 utafiti wake kuhusu kuuhifadhi mji ukachapishwa. Upande wa pili, ndani ya serikali kulikuwa na wazo la bandari ya pili ya Kenya, pale kwenye maji yenye kina ya ghuba ya Manda. Karatasi moja iliona mji wenye watu wanaoishi humo. Nyingine iliona kina cha bahari.

Karatasi ya kwanza ilisonga mbele. Mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver walitoa mpango wa kuhifadhi mji kupitia Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mji wa kale ukalindwa kisheria. Mwaka 2001 UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia. Karatasi ya pili ikakaa kwenye droo.

Tarehe 2 Machi 2012 droo ikafunguliwa. Rais Mwai Kibaki, pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua LAPSSET. Bandari, barabara kuu, reli, bomba la mafuta, miji ya mapumziko: ukanda mzima wa kuunganisha nchi tatu, na mwanzo wake ni pale ambapo wavuvi wa Lamu walikuwa wakitega samaki.

Tazama mpangilio wa tarehe hapa. Kwa mradi wa ukubwa huu kuna utafiti maalum unaoitwa tathmini ya kimkakati ya mazingira. Huo hautazami gati moja au barabara moja. Unatazama ukanda wote: mikoko, maji, malisho, uvuvi, watu. Ukitaka kumuuliza mtu wa Kiunga au wa Faza anavyoyaona mambo kabla hujaamua, hapo ndipo pa kumuulizia. Tathmini hiyo ilikuja baada ya jiwe la msingi kuwekwa, si kabla. Yaani harusi imeshaliwa pilau, ndipo wazee wanatumwa kwenda kuposa.

Mwaka huo huo wa 2012 wakazi wakaenda mahakamani. Kesi ilichukua karibu miaka sita. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki za watu wa Lamu zilikiukwa, zikiwemo haki ya kupata habari, ya mazingira safi na ya utamaduni wao, na kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Ikaagiza takriban wavuvi 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kwangu mimi, kilichonishika zaidi ni kwamba mahakama ilikubali haki ya uvuvi wa jadi ni haki inayostahili fidia. Mvuvi hana hatimiliki ya bahari. Babu yake hakumwachia karatasi yoyote. Alimwachia ujuzi wa wapi pa kutega na msimu gani, na ujuzi huo ulikuwa haujawahi kuonekana kwenye faili la mtu yeyote aliyepanga bandari.

*

Lakini kesi iliyonifanya nikeshe ni nyingine. Ni ya makaa ya mawe.

Kampuni ya Amu Power ilipanga kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, bara ya Lamu, kwenye ekari 975. Kingezalisha megawati 1,050. Kingekuwa na bomba la moshi la zaidi ya mita 200 kwenda juu, safari ya muda mfupi tu kutoka mji wa kale. NEMA ilitoa leseni Septemba 2016. Kabla mwaka haujaisha, shirika la kijamii la Save Lamu pamoja na wakazi watano wakapeleka rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira. Kesi ikapewa nambari 196 ya 2016.

Tusidanganyane kwamba Lamu yote ilikuwa kitu kimoja. Wapo waliotaka ajira. Wapo wenye mashamba Kwasasi waliokuwa wakisubiri fidia, na kila mwezi kesi iliporefuka, nao walibaki wakining'inia. Mji uligawanyika, na mtu anayekuambia "wananchi walikataa" anafupisha vilevile kama yule anayekuambia "wananchi walikubali".

Uamuzi ulitolewa tarehe 26 Juni 2019, na uko wazi kwa yeyote mwenye simu na bando. Niliusoma kwa siku tatu, nikiwa nimejifungia ndani na chai ya rangi. Nilitarajia mabishano ya kisayansi kuhusu majivu, zebaki na maji ya moto yatakayomwagwa baharini. Hayo yamo. Lakini uti wa mgongo wa uamuzi ni kitu cha kikarani kabisa: nani aliambiwa nini, na lini.

Kampuni na NEMA walisema umma ulishirikishwa. Mikutano ilikuwepo, na ikatajwa. Jopo halikubisha kwamba watu walikutana. Liliuliza mikutano hiyo ilifanyika katika hatua gani. Na jibu likaumbua: mikutano ile ya mwanzo ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu. Watu walielezwa kwamba kuna kituo kinakuja. Hawangeweza kuelezwa madhara yake na namna ya kuyazuia, kwa sababu utafiti wa madhara hayo ulikuwa bado haujafanywa. Na ulipofanywa, hawakurudiwa jinsi kanuni ya 17 inavyodai.

Kwa maneno mengine, walitoa maoni kuhusu kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekijua. Ni kama kukuuliza unaonaje kuhusu upasuaji wako kabla daktari hajajua ugonjwa, halafu jibu lako likafungwa kwenye faili kama ridhaa.

Jopo likafuta leseni. Likasema kampuni ikitaka kuendelea, ianze tathmini upya na ifuate sheria hatua kwa hatua. Likagusia pia kwamba sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Lakini halikusema makaa ya mawe ni haramu. Halikusema Lamu isipate umeme. Lilisema hamkuwauliza, na kwamba kutowauliza peke yake kunatosha kuiangusha leseni, hata kama mradi wenyewe ungekuwa mzuri namna gani.

Baada ya hapo wenye pesa wakaanza kuondoka. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitenga na mradi huo mwaka 2019. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa hiyo. Miaka tisa tangu leseni. Kwasasi hakuna bomba la moshi.

Nilipomaliza kusoma, nilifungua tena ile ripoti yangu ya barabara ya kinamasi. Nikatazama tarehe. Mkutano wetu chini ya mwembe ulikuwa Februari. Utafiti wa maji, ule ambao ungejibu swali la yule mama, ulikuwa umepangiwa Mei. Nilikuwa nimekaa na jambo hilo muda wote huo na sikuwa nimeliona. Tarehe zote mbili niliziandika kwa mkono wangu mwenyewe.

*

Je, kuna njia nyingine ya kuandika kumbukumbu za watu? Ipo, na ni ya zamani kuliko umri wangu mara mbili. Kwa hiyo niruhusu nikupeleke mbali kidogo, kwenye baridi.

Mwaka 1974 serikali ya Kanada ilimteua jaji Thomas Berger achunguze athari za bomba la gesi lililopangwa kupita bonde la mto Mackenzie, kaskazini kabisa mwa nchi, kwenye ardhi ya wenyeji wa asili: Wadene, Wainuit na Wametis. Kama LAPSSET, lilikuwa jambo la ukanda mzima, na waliolitaka walikuwa na haraka. Berger alikataa haraka. Alifanya vikao vya wataalamu mjini, ndiyo, lakini akaenda pia kwa watu wenyewe, jumuiya 35, akikaa kwenye kumbi za vijiji na kusikiliza mpaka mwenye la kusema amalize. Watu karibu 1,000 walitoa ushahidi. Waliongea kwa lugha zao na wakatafsiriwa. Redio ya taifa ikawa inatangaza yaliyosemwa kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji, ili kijiji kimoja kijue kijiji kingine kilisema nini. Makundi ya raia yalipewa pesa za kutafuta wataalamu wao, maana huwezi kumwambia mvuvi abishane na kampuni ya gesi mikono mitupu.

Na yote yaliandikwa. Kurasa zaidi ya 40,000. Siyo muhtasari wa waliosema. Ni walichosema, neno kwa neno. Mwindaji akieleza mtego wake uko wapi, upo. Mama akieleza mtoto wake alizaliwa kambi gani, upo. Mambo ambayo msimamizi wangu angeyaita hadithi ndiyo yaliyokuwa ushahidi, kwa sababu ukiyaweka pamoja yanakuchorea ramani ya nani anaitumia ardhi ipi na kwa nini.

Mwaka 1977 Berger alitoa ripoti. Alishauri bomba lisipite kabisa kaskazini mwa Yukon, na kwamba kwenye bonde la Mackenzie lisubiri miaka 10 ili madai ya ardhi ya wenyeji yashughulikiwe kwanza. Bomba lile halikujengwa. Mradi mwingine wa kuchukua nafasi yake ulikuja baadaye, nao ukaachwa mwaka 2017.

Sitaki kuifanya Kanada peponi. Historia yake na wenyeji wa asili ni chafu, na tume moja haikuisafisha. Ninachosema ni kidogo zaidi: nusu karne iliyopita, bila kompyuta ya mkononi wala kinasa sauti cha simu, watu waliweza kumwandika mzee wa kijiji kwa ukamilifu. Sisi tuna simu mfukoni zinazorekodi saa nane mfululizo, na bado tunamfupisha mama wa leso mbili kuwa "mkazi mmoja".

*

Kwa hiyo hili ndilo nililojifunza, na nakupa wewe kwa sababu siku moja hiyo karatasi itafika mkononi mwako. Inaweza kuwa barabara ya juu inayopita mtaani kwenu, dampo, au soko linalobomolewa lijengwe upya. Watakuja na viti vya plastiki na maji ya chupa. Karani atakuwa kijana kama mimi, mwenye madeni kama yangu. Usimchukie. Lakini kabla ya kutia sahihi, muulize utafiti umeshafanywa au bado. Ukiwa bado, mwambie aandike hivyo juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, halafu upige picha. Ukisema jambo, mwombe akusomee alichoandika. Na ukifika nyumbani, andika na wewe, tarehe na saa, hata kama ni kwenye grupu la WhatsApp la ploti. Watu wa Lamu hawakushinda kwa sababu walipiga kelele kuliko wengine. Walishinda kwa sababu mtu mmoja alipouliza "lini?", karatasi za upande wa pili zilishindwa kujibu.

Upo uwezekano kwamba mtashirikishwa vizuri kabisa na mradi ukajengwa hata hivyo. Kushirikishwa hakumaanishi kushinda. Wangari hakuhakikishiwa kitu alipokuwa akilamba stempu. Lakini pingamizi lililoandikwa vizuri halifi siku mkutano unapofungwa. Linakaa kwenye faili likingoja mtu wa kulisoma, na msomaji huyo anaweza kuwa jaji, au anaweza kuwa mtoto wako.

Upande wangu kuna jambo nililobaki nalo. Ile rasimu ya kwanza, yenye kurasa mbili za maneno ya yule mama, ilikuwa bado kwenye barua pepe yangu, katika zile zilizotumwa. Mwezi uliopita nilienda saiba, nikaichapisha kwa shilingi 20, nikaitia kwenye bahasha ya kaki na kumpa makanga wa matatu inayoenda kule, amfikishie mzee wa kijiji. Ndani niliweka barua fupi. Niliandika: mama, haya ndiyo uliyosema siku ile, jinsi nilivyoyasikia. Kwenye ripoti hayakuingia, na kosa ni langu. Yasomwe mbele yako, na pale nilipokosea niambie.

Wiki mbili zikapita. Nikadhani makanga aliitupa. Kisha nikapigiwa simu na kijana aliyesema ni mjukuu wake. Alikuwa amemsomea nyanya yake kurasa zote mbili, mara mbili. Nikasikia sauti yake kwa nyuma, bila salamu ndefu, kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

"Mwambie mwaka si huo."

Nilikuwa nimeandika kwamba kinamasi kilifurika na kubeba daraja mwaka 1997, kwa sababu mafuriko ya El Niño ndiyo pekee ninayoyajua, tena kwa kuhadithiwa. Yeye alikuwa akiongelea mafuriko ya 1961, ya kabla ya Uhuru, alipokuwa msichana mdogo. Yale ya 1997 yalifika tu kwenye ukingo. Ya 1961 ndiyo yaliyopita pale ambapo barabara imechorwa.

Nimerekebisha. Nakala mpya iko na bahasha yake, na safari hii jina lake limo, kwa ruhusa yake. Nitaipeleka mwenyewe kwenye ofisi iliyotoa leseni, na nitasubiri mpaka waigonge muhuri wa kuipokea.